Mtoto Amezidiwa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya kaka yetu, mliyemjua kama Mzee Juu, jina alilopewa na dada zake kwa kuwa hata akitumwa maji alitembea macho mawinguni, akarudi na nusu ndoo.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, akamaliza sekondari mwaka 1976 na chuo cha ufundi, fani ya umeme, mwaka 1980, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa kituo cha setilaiti, alikotumikia hadi kustaafu.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, kitindamimba akiwa binti.

Setilaiti ya hali ya hewa ambayo kituo kilipewa kuisimamia iliporushwa mwaka 1994, wenzake kituoni waliibatiza Mtoto, ikizima husema Mtoto amelala, ikishindwa kutuma picha husema amezidiwa, nasi nyumbani tulicheka. Tarehe 17 Novemba 1995 binti alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, asubuhi kaka alimwacha ameketi anakunywa uji, akarudi nyumbani kubadili nguo, ndipo jirani mwenye simu akamletea ujumbe kwamba mtoto amezidiwa, aende haraka, naye akakimbilia kituoni.

Setilaiti ilikuwa nzima. Kwa kuwa alikuwepo, aliona mvua iliyosimama juu ya milima, akatoa taarifa, watu wa bondeni wakahamishwa kabla mto haujafurika, na hakuna aliyezama. Hospitalini alimkuta mkewe peke yake, ameshika viatu vya mtoto, katika wodi yenye mtungi mmoja wa oksijeni kwa watoto wote.

Alipewa cheti, hakukitundika. Mikutanoni, watu walipouliza kuna faida gani kuchunguza mbingu na hospitali hazina mitungi, alijibu kwa hoja nzito, lakini mkewe alipouliza hilohilo alitoka kufagia uwanja, na uwanja wao ulikuwa msafi miaka yote.

Aliugua figo tangu Januari 2021, akafariki tarehe 6 Juni 2023, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wa kituo, na ninyi wa bondeni mliokuja kwa mabasi na watoto wenu. Mjane anawakaribisha nyote mumpe pole, ila anaomba, kwa heshima, asiwepo wa kumwambia kwamba kuokoka kwa watu wa bondeni kulifidia kifo cha binti.

Kaka, pumzika kwa amani.