Kwaheri Nusunusu, Kocha wa Wanaosugua Benchi

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, kocha wa kikosi chetu cha watoto wa chini ya miaka kumi na miwili atarudisha ufunguo wa stoo ya mipira na kustaafu rasmi, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Kamati imeniomba mimi, karani wa usajili, niandike wasifu wake kwa kuwa dirisha langu linatazama uwanja na nimemwona kuliko wengi. Wameniomba pia nisitie chumvi. Hilo la pili sikuliahidi.

Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na mhasibu peke yake. Watoto, wazazi, hata muuza maji wa getini humwita Nusunusu. Jina hilo lilitokana na sheria aliyoiweka tangu mwanzo, kwamba kila mtoto aliyevaa jezi siku ya mechi atacheza angalau nusu yake, awe hodari, awe anajikwaa kwenye kamba za viatu vyake mwenyewe. Wazazi wa watoto hodari walimpa jina hilo kwa hasira. Wazazi wa wale wengine wakalichukua wakalifanya la mapenzi, na likamganda.

Alikuja kwetu bila kutaka. Alikuwa fundi wa magari, kijana wa mikono ya grisi, aliyetumwa na dada yake kumchukua mpwa wake mazoezini. Siku hiyo kocha hakutokea na watoto walikuwa wanarushiana koni. Fundi akavua ovaroli, akawapanga, akawachezesha mpaka wazazi wakafika. Mwenyekiti wa wakati ule akamwomba ashikilie wiki mbili hadi atakapopatikana mtu. Mtu huyo bado hajapatikana.

Kwa upande wa mafanikio, wasifu wa namna hii hupenda vikombe, basi navyo nivitaje. Kikosi chake kimetwaa viwili, na kimoja tulikabidhiwa kwa sababu wapinzani walipotea njia. Hata hivyo, watoto waliopita mikononi mwake hawakuchukia mpira. Wengi wameshakuwa watu wazima, na wakipita getini jioni na mifuko yao ya sokoni husimama kidogo kutazama mazoezi, kisha humwamkia "Shikamoo, Kocha" huku wamenyoosha mgongo.

Wazazi wanaotafuta klabu ya mtoto hupitia kwanza kwangu. Baba huuliza vikombe, mama huuliza choo kiko wapi na kama kina maji. Wakishazoea, mmoja husogea dirishani na kushusha sauti: je, hapa kuna mambo ya kujuana? Mara nyingi wametoka mahali ambapo mtoto wao amesugua benchi msimu mzima kwa sababu baba yake si mjumbe wa kamati, hachangii mafuta ya basi, wala hampigii kocha simu Ijumaa jioni. Mimi ningeapa kwamba sisi ni malaika. Nusunusu alinikataza. Aliwachukua wazazi hao mwenyewe, akawapitisha mbele ya kabati la vikombe bila kusimama, akawapeleka pembeni mwa uwanja kwa wazazi ambao watoto wao wamekaa benchi. "Msiniulize mimi, nitajisifu tu," aliwaambia. "Waulizeni hawa nani huingia wa mwisho, na ni mtoto wa nani." Alisema swali hilo lingewafaa kwenye klabu yoyote mjini. Makamu mwenyekiti alilalamika kwamba anafukuza wateja, na ni kweli familia kadhaa zilikwenda zao.

Vigogo nao hawakumtisha. Mkandarasi mmoja aliwahi kuahidi kutufungia taa za uwanja, nguzo nne nzima, ila mwanawe acheze mbele kila mechi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kamati nzima ilimeza mate. Nusunusu alimshukuru mkandarasi kwa moyo wake mwema, kisha akamwita mtoto na kumuuliza anapenda kucheza wapi. Mtoto akasema anapenda kudaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Taa hatukupata, ndiyo maana hadi leo mazoezi huisha jua likizama, lakini golikipa tulimpata, tena wa kutegemewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye ameniruhusu kuliandika na mkewe ameniamuru.

Nusunusu ana binti mmoja. Akiwa na miaka kumi na mmoja, binti huyo alikuwa katika kikosi cha baba yake, winga wa mguu wa kushoto, mwepesi, mwenye chenga za kuudhi. Sheria ya nusu mechi iliwahusu watoto wote isipokuwa yeye. Aliingizwa dakika za mwisho, matokeo yakiwa yameshajulikana. Siku nyingine hakuingizwa kabisa, akabaki kukusanya chupa za maji za wenzake. Baba yake aliogopa maneno. Aliona akimchezesha sawa na wengine, watu watasema anambeba, na sifa yote aliyoijenga itakwenda na maji.

Nasi tulimsifu! Mzazi mgeni akiuliza habari za upendeleo, tulimwonyesha yule binti kwa kidole: unaona, hata wa kocha mwenyewe anasugua benchi. Tulimfanya mtoto kuwa ushahidi wa usafi wetu, naye akituona tukimnyooshea kidole anainamia kamba za viatu vyake.

Mkewe, nesi wa wodi ya watoto, hakupendezwa na sifa hizo. Alimuuliza mumewe zaidi ya mara moja kosa la binti yao ni nini, na kila mara akajibiwa kwamba watu watasemaje. Akaacha kuuliza. Jioni moja, binti mwenyewe akiwa radhi, alimchukua wakavuka barabara kuu hadi klabu ya upande wa pili, ambako kocha alikuwa mgeni na hakumjua mtu. Huko alifanya vilevile mumewe anavyowafundisha wazazi. Alisimama na wazazi wa benchi akawauliza nani huingia wa mwisho, na ni mtoto wa nani.

Walimjibu bila kuficha. Kamati ya kule ilikuwa na kambi mbili zisizosalimiana. Watoto mapacha wa mweka hazina walianza kila mechi, wawe wazima au wana mafua. Nafasi zilizobaki ziligombewa kwa haki, na anayeingia wa mwisho hubadilika kila wiki. Nesi akapima. Kule upendeleo ulikuwa wa wazi na ulikula nafasi mbili. Kwetu nafasi zote zilikuwa za haki isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya mwanawe. Akamwambia binti avae viatu aingie mazoezini.

Kesho yake simu ya ofisi ililia. Nusunusu alikuwa mezani kwangu anakunywa chai na kunimwagia makombo. Aliyepiga, akitaka kuzungumza na kocha yeyote wa jirani, alikuwa yule kocha mgeni wa ng'ambo ya barabara, mtu wa sauti kubwa, kiasi kwamba niliyasikia yote bila kuiba. Alisema ameletewa winga wa ajabu na mama yake, na mama anasema huko walikotoka kocha anamwonea mtoto, anamkalisha bila sababu. Akauliza, huku anacheka, kama Nusunusu anamjua huyo kocha wa hovyo.

Niliona uso wake ukibadilika. Aliuliza mtoto anatumia mguu gani. Alipoambiwa kushoto, alitua kikombe mezani. "Namjua huyo kocha," akasema. "Mtoto ni mzuri. Mchezeshe." Akaweka simu, akaacha chai yake, akatoka kwenda kupanga koni uwanjani, ilhali siku hiyo hapakuwa na mazoezi. Nilimwonea huruma sana, na nilimkasirikia pia, na sijui hadi leo ni kipi kilizidi.

Yaliyotokea nyumbani nimesimuliwa na mkewe. Hakugomba. Alikaa mezani karibu na binti yake, akamwomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka, akamwahidi kwamba akirudi, Jumamosi inayofuata ataanza. Binti alimsamehe palepale, maana hajawahi kumnunia baba yake kwa zaidi ya saa moja. Kurudi alikataa. "Baba, ukinianzisha watasema mama amekugombeza," alimwambia. "Kwako mimi ni mtoto wa kocha. Kule wananiita winga." Mkewe anasema Nusunusu alikwenda kuvitafuta viatu vya binti na kuvipiga brashi.

Kwenye kikao cha kamati kilichofuata alisimama na kutaka iandikwe kwamba hakuna kocha wa klabu hii atakayefundisha wala kumchagua mtoto wake mwenyewe, bali mtoto huyo atakuwa chini ya mwenzake. Moto ukawaka. Nusu ya makocha wetu walikuwa wamejitolea kwa sababu hiyohiyo, wawe karibu na watoto wao. Mmoja alimuuliza kwa kejeli amepata wapi uchungu wa ghafla, wakati yeye hajawahi kumpendelea wake. Nusunusu akajibu kwamba alimwonea, na kwamba kumwonea mtoto kwa sababu ya baba yake ni upendeleo uleule, umegeuzwa tu. Hakusema zaidi. Makocha wawili waliondoka na watoto wao, na msimu ule tulifungwa hadi tukazoea. Sheria ilipita. Binti yake haikumrudisha, naye alijua haitamrudisha. Leo sheria hiyo ndiyo jambo la kwanza ninalowaambia wazazi wanaokuja dirishani, kabla hawajashusha sauti.

Timu hizo mbili zilikutana mara moja tu kabla binti hajapanda daraja la umri. Siku hiyo hata wazazi wasiokuja mechini walikuja. Nusunusu alikaa kwenye benchi letu na kofia ameishusha. Binti alianza, akacheza mwanzo hadi mwisho, na katika kipindi cha pili aliwapita mabeki wetu wawili, akampiga chenga golikipa wetu, mpira ukalala wavuni. Kocha wetu akajikuta amesimama anapiga makofi. Baba mmoja akafoka nyuma yake: "Kocha, uko upande gani?" Akageuka, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu, mikono imeniponyoka." Tulifungwa bao hilohilo moja. Kwenye basi la kurudi watoto wetu walikuwa na huzuni, naye akawanunulia maji baridi wote na kujitahidi kadiri awezavyo kuonekana amenuna.

Tangu siku hiyo hajamwona tena binti yake akicheza. Hili watu wengi hapa hawalijui, nami ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Vikosi vya watoto hucheza Jumamosi, na timu zote alizopitia binti, hadi ile ya wanawake anayoichezea sasa akiwa fundi umeme mwenye kazi yake, nazo hucheza Jumamosi saa zilezile. Kila mara alipotamani kwenda, kulikuwa na watoto wetu wanamsubiri getini na viatu mkononi. Tulimwambia aombe ruhusa. Alisema hawezi kuwaeleza watoto wa watu kwamba amewaacha kwa ajili ya wake. Nilimwambia kwamba ule ugonjwa wake wa zamani haujapona. Alicheka, lakini hakuomba ruhusa. Mkewe amekwenda mechi zote hizo peke yake, na jioni humsimulia mezani, akitumia vijiko na kopo la chumvi kumwonyesha nani alikuwa wapi.

Kwa niaba ya klabu, namshukuru Nusunusu kwa watoto aliowapa nusu zao, na kwa sheria iliyotugharimu makocha wawili na kutupatia imani ya wazazi wengi. Namshukuru mkewe, ambaye hakuwahi kuajiriwa hapa lakini ametufundisha zaidi ya semina zote tulizolipiwa. Binti yao naye namwomba radhi kwa vidole vyote tulivyomnyooshea, changu kikiwa mojawapo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kikosi chetu kitaongozwa na kocha mpya. Siku hiyo hiyo timu ya binti ina mechi ugenini, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nesi ameniambia nauli za watu wawili zimeshalipwa. Anasema walipompigia binti simu kumweleza kwamba safari hii baba yake anakuja, aliuliza kama ni kweli. Akaambiwa ni kweli. Akauliza tena.

Wahi basi, Kocha. Tunakutakia afya njema, na Jumamosi nyingi.