Wasifu wa Bwana Nondo, Aliyeomba Taa Izimwe

Marehemu, ambaye wengi walimwita Bwana Nondo, jina ambalo hakuwahi kulipenda wala kulikataa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa kimya, akaitazama taa kwanza, ndipo akalia. Alianza kusimulia hayo baada ya mwanawe kuajiriwa. Kabla ya hapo hakuna aliyeyasikia.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1959. Walimu walimsifu kwa mwandiko na kumchapa kwa kuokota wadudu wakati wa gwaride. Mwaka 1973 alihitimu chuo cha kilimo, na cheti chake kinaning'inia sebuleni mpaka leo, kimepinda kidogo.

Januari 1974 aliajiriwa kuwa bwana shamba wa mashamba ya pamba yaliyo nyuma ya kiwanda cha kuchambulia. Kazi yake kubwa ilikuwa mtego wa taa: taa juu, koni ya bati katikati, ndoo chini. Nondo huifuata taa, hugonga bati, huteremka ndooni. Asubuhi marehemu aliwamwaga mezani na kuwachambua. Wale wanaozaa funza wanaokula vitumba, yaani matunda ya pamba, wakiongezeka, aliwaambia wakulima wakague mimea na kujiandaa kupulizia dawa. Wakipungua, aliwaambia watulie.

Msimu wa 1978 ndoo ilianza kuwa tupu. Marehemu alipita akitangaza mwaka wa raha, akapokea pongezi kana kwamba nondo aliwafukuza yeye. Hazikupita siku nyingi, mama mmoja mjane mwenye ekari mbili aliingia ofisini, akaweka kitumba cha pamba mezani, akakipasua. Funza alikuwa ndani, mnene, hana wasiwasi.

"Bwana shamba," mama akauliza, "na huyu naye amekuja kwa raha?"

Hakujitetea. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema amekosea, watu wakakague mashamba leo leo. Wachache walimpa pole. Kisha akaenda kuwatafuta nondo wake, akawakuta wamejazana kwenye dirisha la fundi cherehani, dada aliyehamia jirani na mtego na kufunga taa kubwa ya kushonea usiku. Kuhamisha mtego kulihitaji kibali cha makao makuu, na makao makuu yalikuwa bado yanatafakari ombi lake la ndoo mpya. Taa ile isipozimwa, mtego ni pambo, na pamba ya watu inaliwa. Lakini fundi naye alikuwa amepata tenda ya sare za shule, ya kwanza maishani mwake.

"Kaka," alimwambia, "nikizima taa, nitakula nondo?"

Marehemu alienda akafikiri, akarudi na pendekezo. Fundi ashone mchana. Maji, kuni na soko, vilivyomlia fundi mchana, atashughulikia yeye marehemu, kabla na baada ya kazi. Akafanya hivyo mpaka pamba ilipovunwa. Wenzake ofisini walimuuliza kama amehamishiwa idara ya maji. Taa ilizimwa, ndoo ikajaa, sare zikaisha kwa wakati, na mama mjane alivuna. Hakusema asante, ila alileta maboga mawili.

Tarehe 23 Juni 1979 marehemu na fundi walifunga ndoa. Suti ya bwana harusi ilishonwa na bibi harusi. Walijaliwa watoto watatu, wote hawapendi wadudu. Alistaafu mwaka 2011.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Katika siku zake za mwisho alimuuliza mkewe jambo alilokaa nalo miaka yote: hivi kweli ulizima taa ile kwa ajili ya pamba?

"Pamba?" mkewe akajibu. "Mzee wangu, mimi pamba nilikuwa nainunua kwa mita."

Alicheka mpaka nesi akaja kuomba utulivu, jambo ambalo nesi alikiri halihitajiki mara kwa mara katika wodi ile. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 4 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, dada mmoja, na wakulima wengi ambao leo wameacha mashamba katikati ya palizi, jambo ambalo yeye asingeliruhusu. Apumzike kwa amani. Nasi tukishamzika, tukapalilie.