Jina la Kumwita Paka

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, alikaa fundi cherehani, kikapu chenye kifuniko kikitikisika mapajani mwake. Mzee aliyekaa naye akauliza kuna nini humo.

"Paka jike, baba. Nilimtafutia jina la heshima, la kale. Nikamwita Thuraya, kama zile nyota za kilimia."

"Jina zuri mno, mwanangu. Mbona huna raha?"

"Mama mkwe wangu naye ni Thuraya. Tangu niolewe namwita Mama, watoto wanamwita Bibi. Nani angenitajia jina lake? Jana wifi kanipigia kusema mama anahamia kwetu, ndipo jina likamtoka. Na mimi wiki nzima napiga kelele uani: Thuraya, toka mezani! Thuraya, mwizi mkubwa we!"

Mzee alikohoa kuficha kicheko. Mimi changu nilikigeuzia dirishani.

"Si umbadilishie tu jina?"

"Nimejaribu, hageuki. Dada yangu ananisubiri kituo kikuu amchukue paka, kabla basi la mama halijafika. Mama akisikia atasema nimemtukana makusudi. Nimekwisha, baba."

Basi liliposimama kituo kikuu, fundi alichungulia nje, akaganda. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, sanduku miguuni.

"Mama kawahi," alinong'ona.

Alishuka haraka. Kikapu kikajigonga mlangoni, kifuniko kikafunguka, paka akaruka na kukimbilia barabarani. Lori lilikuwa linakuja.

Bibi aliinuka. "Mwite, mwanangu! Mwite!"

Fundi alifungua kinywa.