Ylomène Dorvilus, Mwanamuziki wa Kituo cha Jean-Talon

Bi. Ylomène Dorvilus alizaliwa Jacmel, Haiti, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga akodiani wa dansi za Jumamosi. Alisoma kwa masista hadi darasa la sita. Muziki alijifunza nyumbani, kwa kumtazama baba yake vidole.

Alifika Montreal tarehe 2 Novemba 1974, akashona suruali kiwandani miaka kumi na mitano. Tarehe 12 Juni 1976 aliolewa na Anténor, dereva wa teksi. Kiwanda kilipofungwa, Januari 1990, alibeba akodiani akashuka hadi kituo cha Jean-Talon, cha treni za chini ya ardhi, akaanza kuwapigia wapita njia. Huko wapigaji huandika majina alfajiri kwenye karatasi inayochomekwa nyuma ya kibao chenye picha ya kinubi. Anayewahi ndiye anayechagua saa yake ya kupiga. Bi. Ylomène alikuwa akiwahi.

Mumewe aliona haya. "Watu watasema nimeshindwa kukulisha."

"Waambie nimeshiba, mume wangu. Natafuta mwangwi tu."

Mwaka wa tatu Anténor alianza kumpeleka kwa teksi.

Machi 1994 shemasi wa kanisa lake alipita kituoni na mfuko wa ndizi, akasimama kidogo, kisha akageuza uso.

"Shemasi! Salamu haina nauli!"

"Dada Ylo, unatuaibisha. Kuombaomba mbele ya wazungu!"

"Nimeomba nini? Wewe ndiye uliyesimama kusikiliza."

Baraza la kanisa lilimtaka achague: kwaya au kituo. Alichagua kituo. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mbele, akaimba kuishinda kwaya nzima. Benchi hilo hakulihama tena.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Daktari alimkataza kubeba mizigo, naye akaifunga akodiani kwenye kigari cha sokoni. Alipiga mara ya mwisho tarehe 19 Novemba 2022, ameketi. Alifariki tarehe 6 Januari 2023.

Wiki hii kamati ya mazishi ilipendekeza kazi yake katika tanzia hii iandikwe "fundi cherehani mstaafu", wageni wasije wakauliza maswali. Mzee Anténor aliirudisha karatasi.

"Wacha waulize. Nitawajibu mmoja mmoja. Andikeni mwanamuziki."

Ndivyo ilivyoandikwa.

Ameacha mume, Mzee Anténor; watoto wawili, Nadège na Rodrigue; wajukuu watatu; na dada yake, Célianne, aliyeko Jacmel.

Bwana ampumzishe kwa amani, ila asimwambie apunguze sauti.