Mama Eddie na Rasimu ya Rangi Tatu

Baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi yetu ya Thika, Bi. Wavinya Nzioki, ambaye wengi tunamwita Mama Eddie, anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Alianza kama mpiga taipu. Anaondoka akiwa msimamizi wa uchapishaji katika chama chetu cha ushirika wa nyumba, yaani mtu pekee anayeelewana na printa.

Printa yenyewe huchapa rangi nyeusi tu, na ina kichwa kigumu. Kila asubuhi Mama Eddie huanika karatasi dirishani kabla ya kuilisha. Ukizigusa bila ruhusa, siku hiyo chai yake ya tangawizi utaisikia harufu tu.

Hapa kiongozi akirekebisha rasimu, maneno anayoyafuta hayaondoki, hupakwa rangi yake tu: mwenyekiti nyekundu, katibu buluu, mweka hazina kijani. Kwenye kompyuta hupendeza. Tulipobadilisha sheria za chama, Mama Eddie aliwachapia wanachama wa Ruiru nakala, na rangi zote zikatoka kijivu. Maneno yaliyofutwa yakafanana na yaliyobaki. Kipengele cha kumwachia mjane ploti ya mumewe kilikuwa kimefutwa, lakini karatasini kilisomeka kama kawaida. Mama Waceke wa Mugutha, aliyekuwa amefiwa na mumewe mwaka huo, alikisoma akamshukuru Mungu, tayari kuunga mkono sheria mpya.

Mama Eddie aligundua kosa mkutano ukiwa umeanza. Mficha uchi hazai. Alisimama mbele ya watu wote, akasema, "Hizi karatasi nimeprint mimi, na zinadanganya. Tafadhali msipige kura leo."

Mwenyekiti alinung'unika, lakini kura iliahirishwa. Nakala mpya zilipotoka, kilichofutwa kilikuwa na mstari katikati, kilichoongezwa mistari miwili chini, na pembeni jina la aliyebadilisha. Wanachama walisoma, wakauliza maswali, na kipengele kikarudishwa. Ndivyo tunavyochapa hadi leo, na Cindy, anayechukua kiti chake, amefundishwa vizuri.

Mama Eddie, tunakupenda, na ofisi itapwaya bila wewe. Asante kwa macho yako na moyo wako. Mungu akujalie afya, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya furaha.

Sherehe ya kukuaga haitakuwa hotelini kama tulivyotangaza. Mama Waceke amekataa katakata. Anatukaribisha sote nyumbani kwake Mugutha, kwenye ploti ileile, na amesema wewe uje mikono mitupu.