Maji ya Mama Agatha

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, jikoni au juu ya gunia la korosho, nawasalimu. Wakubwa, shikamooni. Leo mtanivumilia. Kila wiki nawakumbuka marehemu wetu kwa sauti ya taratibu. Leo utaratibu umenishinda, nina hasira.

Tunamkumbuka Bibiana Sijaona, wa Chilangala, Newala. Wengi walimwita Mama Agatha. Amefariki akiwa na miaka hamsini na mbili, na leo ni arobaini yake. Nilifika kwake na kinasa sauti, na kila niliyemuuliza akanijibu lile lile: "Alikuwa mtu wa watu. Hakuwa na neno na mtu." Nikasikia, nikasikia, mwisho nikakizima kinasa sauti.

Bibiana alizaliwa Lulindi, upande wa Masasi. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Akalelewa na ndugu, leo nyumba hii, kesho ile. Kaka yake, mzee Selestini, aliniambia: "Mtoto wa kulelewa akinuna, anaambiwa arudi kwao. Na kwao hapakuwepo. Basi dada yangu akajifunza neno moja: haya. Haya shangazi, haya mama mdogo. Neno hilo ndilo lililomlisha."

Akaolewa Chilangala. Mumewe akafariki mapema, akamwachia mikorosho na binti mmoja, Agatha.

Sasa, ninyi wa huku juu mnaijua shida yetu. Ardhi inazaa korosho, lakini maji yako bondeni. Bomba likikohoa tu, mwanamke anachukua ndoo, anateremka saa nzima, anapanda saa mbili. Bibiana aliteremka hivyo miaka na miaka. Biashara ya korosho ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao hadi mlangoni, bei ikachangamka. Wenzake walinunua redio na vitenge. Yeye alinunua bati na saruji, akachimbisha kisima uani cha kuvunia maji ya mvua. Mchanga aliubeba mwenyewe kichwani. Jirani yake, Fatu, alimuuliza, "Mama Agatha, unajiua kwa ajili ya shimo?"

Akamjibu, "Agatha hatashuka bondeni. Nimeshuka mimi, yatosha."

Shikeni hilo, wasikilizaji. Kisima kilichimbwa ili Agatha asishuke bondeni.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mashine ya kusukuma maji ikafa. Watu wakaanza kuja, huyu na sufuria, yule na dumu. "Mama Agatha, ya kunywa tu." Haya, chota. "Mama Agatha, ya kumwogeshea mtoto." Haya. Mwenye kiu hanyimwi maji, hata mimi ningetoa.

Lakini Dastani! Dastani mwenye duka, nyumba ya pili kutoka hapo, ana kisima chake, kikubwa kuliko cha Bibiana. Akakitia kufuli. Wanunuzi wa korosho walifikia kwake, wakaoga maji hayo, na mengine akayauza kwa ndoo. Alipoulizwa akasema siku hizi ni soko huria, kila mtu na chake. Je, ya kusongea ugali nyumbani kwake? Mkewe, Winfrida, aliyachota kwa Bibiana, kila asubuhi, bure. Narudia, maana mtu anaweza kudhani redio yake imekosea. Dastani alikuwa na maji. Aliyauza yake, akanywa ya mjane.

Bibiana alijua? Alijua vizuri sana. Siku moja alifunika kisima, akaweka jiwe juu. Winfrida akafika na ndoo yake, akacheka: "Ehee, Mama Agatha, na wewe siku hizi una makuu? Kijiji kizima tunakusifu, leo unatugeuka?"

Bibiana akaliondoa jiwe. Na akaomba radhi! Jamani, akaomba radhi! Agatha alimwambia pale pale, "Mama, sema hapana. Ni neno dogo."

"Mwanangu, wakininunia nitaishi na nani?"

Wazee husema hewala haigombi. Kweli, haigombi. Lakini wapo wanaoisikia hewala, wakaenda kuleta ndoo ya pili. Ukimchekea nyani utavuna mabua, na nyani ni sisi. Nami nimo. Mwezi wa kumi nilipita Chilangala kurekodi ngoma. Bibiana akanipa maji ya kuoga, ndoo nzima. Nikamsifu, nikaoga, nikaondoka. Sikuuliza yanatoka wapi, wala yamebaki kiasi gani.

Mwezi wa kumi na moja kisima kikakauka. Bibiana akachukua ndoo, akarudi bondeni. Agatha, msichana wa miaka kumi na tisa, alikatazwa kabisa. Wanawake wengine walishuka alfajiri, kukiwa na ubaridi. Siku ile Bibiana alichelewa, kwa sababu Winfrida alimwomba amsaidie kwanza kuchambua korosho, naye akasema haya. Akashuka jua la utosini. Fatu alikuwa akipanda nyuma yake, akamkuta ameketi kando ya njia, ndoo imetuliwa. "Imejaa pomoni," Fatu aliniambia. "Nilimwita, Mama Agatha, Mama Agatha. Nikammwagia maji yote usoni. Hakushtuka." Walisema ni moyo.

Msibani, maji ya kumwosha marehemu hayakuwepo. Ndipo kufuli la Dastani likafunguliwa. Akaja na ndoo mbili, akazitua mbele za watu, machozi yanamtoka. "Mwosheni dada yetu," akasema. "Hakuwa na neno na mtu." Watu wakaitikia.

Agatha akainuka mkekani. Akamwamkia, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapana. Maji yako yarudishe."

Mzee Selestini akamsihi, "Mwanangu, usitutie aibu. Mazishi yanachelewa."

"Yachelewe, Mjomba."

Akachukua ndoo, akashuka bondeni. Aliyemfuata ni Fatu peke yake. Wengine walibaki wakinung'unika kwamba mtoto huyu hana adabu, amevimba kichwa. Walikaa pale wakisubiri mpaka jua likapinda, na Bibiana akaoshwa kwa maji yaliyopandishwa na binti yake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki nampa pole Agatha, nampa pole mzee Selestini na ndugu wote wa Lulindi. Fatu, pole, na asante. Wengine wa Chilangala, pole yenu sinayo leo. Ninyi mlio mbali msijione salama. Kila kijiji kina mtu wake asiye na neno. Leo, kabla ya kulala, fikirini mmemwomba nini wiki hii, na nyumbani kwenu mnacho kiasi gani.

Nilimuuliza Agatha niwaambie nini kwa niaba yake. Alikuwa amekaa kizingitini, anajipaka mafuta kwenye miguu iliyopasuka. Akasema, "Usiwaambie mama alikuwa mpole. Waambie alichoka."

Alichoka, wasikilizaji.