Kamba Nne na Filimbi Mbili

Baba Askofu, Mchungaji wetu na mama mchungaji, wazee wa kanisa mliokaa mbele, pamoja na wale mliochelewa mkakaa nyuma mkijifanya mnapenda hewa; mwenyekiti wa akina mama, kwaya kuu, kwaya ya vijana, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi msioalikwa ila mmesikia kuna chakula, nawasalimu nyote: Bwana asifiwe! Kwa watu wenye njaa mmeitikia vizuri.

Na wewe, Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili, unayestaafu leo baada ya miaka ishirini na tisa, nakusalimu kwa namna yako. Jina lako kamili limeandikwa kwenye cheti utakachopewa baadaye. Sisi tunakujua kwa jina la Mama Filimbi, kwa sababu ya hiyo filimbi unayoivaa shingoni, uliyokuwa ukiipuliza sala ianze na kuipuliza tena sala ikizidi. Mzee mmoja wa kanisa, simtaji, amekatizwa na filimbi hiyo akiwa bado anaombea mataifa ya mbali, hajafika hata kwenye mtaa wetu.

Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi ni fundi wa kuezeka. Nusu ya mapaa ya mtaa huu nimeyapigilia mimi, na nusu inayovuja aliipigilia mwenzangu. Mimi si mtu wa hotuba. Wiki iliyopita Mama Filimbi alikuja kazini kwangu, akasimama chini ya ngazi, akaniambia, “Fundi, utaniaga wewe.” Nikamwambia wako wasomi. Akasema, “Wasomi watanisifu. Wewe shuka uje umalize kipande chako.” Mkifika mwisho mtajua ni kipande gani. Kwa sasa nivumilieni.

Ndugu zangu, watu wengi hufundisha Injili kwa kusimulia. Mama Filimbi aliifundisha kwa kuigiza, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwa mtu mwingine: hakumpa mtu sehemu anayoiweza, alimpa sehemu anayoihitaji. Mtoto mchoyo alikuwa yule mwenye mikate mitano, akalia kweli ilipochukuliwa. Mtoto muoga alipewa kuamka kaburini. Halafu mwaka fulani akatangaza kwamba watoto wamechoka kuigiza dhambi za wazazi wao, na sasa ni zamu ya wazazi wenyewe.

Hapo ndipo tulipokoma.

Mwenyekiti wa akina mama, unakumbuka? Wewe ambaye hata msibani hukai, ulipewa kuwa Mariamu, yule aliyetulia miguuni pa Bwana akisikiliza. Kazi yako ilikuwa moja tu, kukaa chini dakika ishirini. Dakika ya tano ukainuka, ukachukua ufagio, ukamwambia Bwana ainue miguu ufagie. Kinyozi wetu naye, ambaye katika maisha yake hajawahi kukubali kwamba amemkata mtu vibaya, akapewa kuwa Petro, akaletewa jogoo wa kweli ndani ya kapu. Jogoo yule aliwika kuanzia sala ya kufungua hadi matangazo, na kinyozi akawa anakana hata kabla hajaulizwa. Tulicheka, tukaumwa mbavu. Lakini nani alirudi nyumbani bila kujiuliza kidogo? Mimi mke wangu aliniuliza njiani, “Wewe angekupa sehemu ya nani?” Nikaongeza mwendo, maana nilikuwa najua.

Niwaambie sasa kuhusu mimi na kaka yangu.

Kaka yangu ni yule muuza nyama aliyekaa mstari wa tatu, kwenye viti viwili. Tumezaliwa wawili tu. Mama yetu alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa naye nyumbani, mimi ndiye niliyepanga mazishi, na mimi ndiye niliyesema jeneza lishushwe saa nane kamili. Kaka alikuwa amekwenda kumchukua mama mdogo, mdogo wake mama, anayekaa mbali na anayetembea kwa mkongojo. Walifika saa nane na nusu. Wakakuta kaburi limeshafukiwa, na watu wanaosha majembe.

Kaka aliniuliza neno moja: kwa nini? Nikamwambia mvua ilikuwa inakuja. Mimi ni fundi wa paa, nikisema mvua inakuja nani atanibishia? Alipiga magoti pale kaburini, akainuka, akampandisha mama mdogo garini, akaondoka. Tukakaa miaka miwili na miezi minne hatusemezani. Nyama nikawa nanunua mtaa wa pili, ngumu kama soli. Bati lake likitoboka alipanda kuliziba mwenyewe, na aliwahi kuanguka mara mbili.

Sasa, katika Injili kuna kisa cha wale watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakakuta nyumba imejaa, wakapanda juu, wakafungua paa, wakamshusha kwa kamba mpaka mbele ya Bwana. Nyinyi mkikisoma mnamwona mgonjwa. Mimi naliona paa. Siku moja nilimuuliza Mama Filimbi darasani, mbele ya watu wazima wenzangu: “Mwalimu, imani ya wale wanne tumeisikia, lakini lile paa alilirudishia nani? Mwenye nyumba alisemaje? Mbona hakuna fundi aliyetajwa?” Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, “Vizuri. Tutakiigiza. Wewe utalifungua na wewe utalifunga.”

Nikafurahi! Kazi ya mikono naiweza. Nikauliza, “Na mgonjwa ni nani?”

Akasema, “Kaka yako.”

Baba Askofu, wewe ulikuwepo. Ulikuwa umekuja kutubariki, na joho lako lilikuwa jeupe ulipoingia. Kanisa letu halina dari, kwa hiyo niling'oa bati mbili juu ya madhabahu, tukafunga kamba nne kwenye mlango wa zamani wa ofisi ya mchungaji, tukaweka godoro juu yake, na kaka akalazwa hapo. Juu ya paa tulikuwa wanne: mimi upande wa kichwani, kinyozi, fundi bomba, na dereva wa lori. Kumpandisha kaka yangu juu ya paa kulitumia ngazi mbili, watu wanane na maneno ambayo siwezi kuyarudia nikiwa mbele ya madhabahu.

Amri ya Mama Filimbi ilikuwa wazi. Filimbi moja ndefu, shusheni. Filimbi mbili fupi, simameni. Bila filimbi, mtu asiguse kitu. Tuliifanyia mazoezi jioni tatu, tukaiva. Kitu kimoja tu hakuna aliyekifikiria: kwa heshima ya ugeni wako, Baba Askofu, siku ile kulikuwa na askari wa trafiki nje ya lango, akiongoza magari. Na askari wa trafiki anafanya kazi kwa kutumia nini?

Mama Filimbi akapuliza moja ndefu, tukashusha. Askari akapuliza mbili fupi kuzuia lori la mchanga, tukasimama. Mama Filimbi akapuliza ndefu. Askari akapuliza fupi. Dereva wa lori, ambaye kila siku anamtii askari yule, alitii filimbi ya nje. Kinyozi alitii ya ndani. Fundi bomba alitii zote mbili. Mlango ukainama upande mmoja, kamba yangu ikabana kati ya mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, na kaka yangu akabaki ananing'inia hewani, miguu juu kidogo, kichwa chini kidogo, vumbi la miaka kumi likikuteremkia wewe, Baba Askofu, nawe ukiendelea kuhubiri kishujaa juu ya imani isiyotikisika.

Alining'inia robo saa.

Na robo saa hiyo uso wake ulikuwa chini ya uso wangu, hatua mbili tu. Hapakuwa na pa kukimbilia. Mimi siwezi kuachia kamba, yeye hawezi kugeuka. Miaka miwili na miezi minne tulikuwa tukipishana barabarani kila mmoja akikagua upande wake wa barabara, na sasa tunatazamana kama watu wanaopigwa picha.

Akaniambia kwa sauti ndogo, “Mdogo wangu, unaniangusha?”

Nikamwambia, “Siwezi kukuangusha. Shika mlango.”

Akaushika kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza, “Siku ile ya mama, ulishindwa kunisubiri nusu saa?”

Ndugu wageni waalikwa, nilimjibu nini? Nilimwambia, “Shika vizuri, kamba inakaribia kuachia.” Hilo ndilo jibu nililompa kaka yangu wa tumbo moja.

Kamba iliachia, tukamshusha akafika chini salama, na Mama Filimbi akampulizia filimbi ainuke, ajitwike godoro lake atembee. Akashindwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Sidhani kama kuna kanisa jingine ambalo mgonjwa wa Injili alipanda juu mzima akashuka amepooza. Nikateremka ngazi mbio, nikaupitisha mkono wake begani kwangu, tukatoka naye kwa mlango wa pembeni, kanisa zima likishangilia kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Pale nje tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo tunasalimiana, nyama nanunua kwake, watoto wangu wanalala kwake na watoto wake wanalala kwangu. Nyinyi mkasema wamepatana, na mimi nikasema hivyohivyo.

Lakini Mama Filimbi alikuwa amesimama chini ya lile tundu. Alisikia swali, na alijua halikujibiwa. Miaka minne imepita hajaniambia kitu. Alikuwa akikutana nami ananiuliza tu, “Paa umelifunga, Fundi?” Nami namjibu nimelifunga, halivuji. Ananiambia, “Haya.”

Mnajua nini kilichonishinda katika kisa kile? Yule mtu aliletwa kwa ajili ya miguu. Paa la mtu limebomolewa kwa ajili ya miguu. Na neno la kwanza Bwana alilomwambia halikuwa la miguu, lilikuwa kwamba amesamehewa dhambi zake. Miguu ilifuata baadaye. Kisha akawauliza wale wataalamu wa sheria waliokuwa wakinung'unika moyoni: lipi lililo jepesi, kumwambia mtu amesamehewa, au kumwambia ainuke atembee? Sisi mabingwa wa kutembea tumekaa kanisani miaka mingi hatujamjibu. Mimi leo nitamjibu kama fundi. Kupanda juu ni rahisi. Kung'oa bati ni rahisi, hata kumbeba kaka yangu, na mnamwona alivyo, ni rahisi. Kuomba msamaha ndiko kunakovunja mgongo.

Kaka, naomba unisikilize.

Siku ile hapakuwa na mvua. Wiki ile nzima halikudondoka hata tone. Mimi nilimuuguza mama miezi saba. Nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza usiku na mchana. Na kila Jumamosi ulikuja wewe na kifurushi cha nyama, ukakaa saa moja, na ukiondoka mama alikuwa akisema, “Mwanangu huyo ana moyo.” Mimi nipo hapo na beseni mkononi. Nilikuwa na wivu, kaka. Nilijua uko njiani, nilijua umemfuata nani, na watu waliniambia tungoje. Nilisema saa nane kamili kwa sababu nilitaka, kwa mara moja tu, mimi niwe mtoto aliyekuwepo na wewe uwe mtoto aliyekosekana. Nilikunyima kumzika mama yako, nikasingizia mawingu. Nisamehe.

Naomba dakika moja, Mchungaji. Kaka yangu amesimama. Wazee, mpisheni apite, vuteni hivyo viti. Sijui anakuja kunikumbatia au anakuja kunikata, lakini mpisheni.

Naam, kaka?

Ndugu zangu, kipaza sauti hakimfikii, basi niwaambie mimi anachosema. Anasema alijua. Anasema siku ile alipopiga magoti kaburini aliinuka na vumbi kwenye suruali, si tope, na juu hapakuwa na wingu hata moja, kwa hiyo angekosaje kujua? Miaka yote hii alikuwa anajua. Sasa, kaka, nikuulize mbele ya kanisa: ulikubalije basi kulala juu ya ule mlango, kamba ya kichwani nikiwa nimeishika mimi?

Anasema Mama Filimbi alimhakikishia kuna kamba nyingine tatu.

Chekeni, lakini hajamaliza. Anasema, “Na nilitaka uniangalie usoni, mdogo wangu. Ulikuwa umeacha kuniangalia.”

Mama Filimbi, unaiona kazi yako. Nenda ukapumzike kwa binti yako, na wajukuu wakianza ubishi wape Injili kwa mtindo wako, kila mmoja sehemu anayoihitaji. Nilikuwa na karatasi nyingine mbili za kukusifu, nitakutumia. Kwa subira yenu na masikio yenu nawashukuru nyote. Chakula anzeni bila sisi. Mimi na kaka tunatoka nje mara moja kumpigia simu mama mdogo, maana naye siku ile alifika saa nane na nusu.